Mama Kijani Hataki Wageni

Kule Kiritiri, jua la saa nane halina haraka. Linakaa juu ya mabati kama mgeni aliyeshiba, wala halisemi litaondoka lini. Mbuzi hulala kwenye kivuli cha ukuta. Joto hucheza juu ya barabara, na ukitazama sana unaona kama mtu anakuja. Kumbe hakuna mtu.

Saa kama hiyo Nelius alikaa kwenye mlango wa jikoni akichambua ndengu. Zamani mlango huo ulikuwa na kelele za watoto. Sasa watoto wote walikuwa wameenda kujitafutia. Wa mwisho, Ednah, alikuwa karani mjini Embu. Nyumba ilinyamaza mpaka Nelius akaanza kusikia saa ya ukutani ikimeza mate.

Mume wake, Ndambiri, hakuongeza kelele yoyote. Alikuwa mfugaji wa nyuki, mwenye mizinga ya magogo kwenye miti ya kule bondeni. Mtu akikaa na nyuki miaka mingi, hujifunza kusema kidogo.

Kitu kimoja tu kilimwamsha Nelius: habari kwamba mtu amejifungua. Hapo alipata miguu ya msichana. Alipika njahi, yale maharagwe meusi ya kumpa mzazi nguvu, akaziponda vizuri, akaweka vipande vya avokado juu, akajaza chupa ya uji, akakusanya wamama wa kanisa, na safari ikaanza. Walienda wakiimba na kurudi wakiimba. Watu walimtania kwamba watoto wa Kiritiri humwona Nelius kabla hawajamwona baba yao. Hakukataa.

Siku moja Ednah alikuja nyumbani na tundu la ndege. Ndani yake walikuwamo kasuku wadogo wanne, wa kuenea kiganjani. Wawili walikuwa kijani kama majani ya mahindi mapya. Wawili walikuwa na rangi ya samawati, kama mbingu ya asubuhi. Ednah alieleza kwamba ndege hao huitwa baji. Asili yao ni nchi ya mbali, yenye ukame na nyasi, lakini hawa walizaliwa mikononi mwa watu. Hawakukamatwa porini. Kukamata kasuku wa porini kunakatazwa na sheria.

"Mama, mwenye nyumba wangu hataki ndege," alisema. "Kuna mwalimu pale Embu ana wengine, na hawa pia anawataka sana. Lakini nimekuletea wewe kwanza, usikae peke yako."

"Na babako je, yeye ni kiti?" Nelius aliuliza.

Ndambiri alikuwa kwenye kiti.

Ednah alicheka, kisha akatoa sharti lake. Ndege huzaa mahali panapomfaa. Akija likizo ya Desemba akute hata kifaranga mmoja, ndege watakaa. Asipokuta kitu, atajua hapa hapajawafaa, na atawapeleka kwa yule mwalimu.

Nelius alikubali haraka. Kwake, kuzaa halikuwa jambo gumu. Yeye alikuwa mtaalamu wa wazazi.

Ndambiri alijenga kibanda nyuma ya nyumba, mbali na moshi wa jikoni, kwa sababu moshi huua ndege upesi. Aliweka wavu wenye matundu madogo, nyoka na panya wasipite. Upande wa upepo aliziba kwa mbao. Nusu ya juu aliezeka, na juu ya mabati akatandika nyasi ili joto lipungue. Ndani alifunga vijiti vya mti, vingine vinene na vingine vyembamba.

Ndege walipoingia, nyumba ilibadilika. Sauti yao ilikuwa kama maji yanayopita juu ya kokoto. Walisema tangu asubuhi mpaka jioni, wala hawakugombania zamu. Nelius aliacha mlango wa jikoni, akahamishia kigoda chake karibu na kibanda. Alikaa pale mchana, ndengu mapajani, macho yakifumba na kufumbua. Katika usingizi mwepesi aliona nchi pana isiyo na ua wala mpaka. Kundi la kijani liliinuka kutoka kwenye nyasi, likageuka mara moja angani kama shuka inayokung'utwa, likashuka tena. Alipozinduka, ndengu zilikuwa chini na mbuzi alikuwa anazimaliza.

Wiki haikuisha kabla hajajua kwamba hawezi kuachana na ndege hao. Aliwapa majina kabisa. Jike wa kijani alimwita Mama Kijani, ingawa hakuwa na mtoto. Alifanya kama mama mkwe anayemtaja mjukuu siku ya harusi. Dume alikuwa Baba Kijani. Wale wengine wakawa Mama na Baba Samawati.

Lakini miezi ilipita na Mama Kijani hakutaga. Nelius alikuwa amewawekea vikapu viwili vyenye nyasi laini, kama vya kuku. Ndege walizing'ata nyasi, wakazitupa chini, wakaendelea na mazungumzo yao.

Wakati huo afisa wa mifugo, msichana wa Meru aitwaye Felicitas, alifika kuchanja mbuzi. Alipomaliza, alisikia sauti nyuma ya nyumba. Alienda, akashika wavu, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Alisimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Nchiru alifuga baji chumbani, mpaka majirani wa hosteli wakalalamika kwamba ndege wanasoma kwa sauti kubwa kuliko wanafunzi.

Kisha akaona vikapu.

"Mama Ednah, hivi ni vya nani?"

"Vya kutagia. Ama Meru mnatagia wapi?"

"Meru kuku ndio wanatagia kwenye kikapu," Felicitas alisema. "Hawa si kuku. Huyu anazaa ndani ya shimo la mti. Anataka chumba chenye giza, na mlango mdogo wa kuingia peke yake."

Aliwaonyesha jambo jingine. Juu ya mdomo wa baji, penye matundu ya pua, pana kinyama kidogo. Kwa dume mkubwa huwa na rangi ya bluu. Kwa jike aliye tayari kuzaa huwa kahawia. Cha Mama Kijani kilikuwa kahawia kama udongo wa mtoni. Alikuwa tayari. Kilichokosekana ni nyumba.

Ndambiri alisikiliza yote hayo. Halafu aliondoka bila kuaga. Nelius alifikiri amechoka na habari za ndege. Baadaye alirudi amebeba mzinga wa zamani begani. Ulikuwa gogo lililochongwa ndani, na nyuki walikuwa wameuhama. Aliuweka chini, akaingiza mkono ndani, akamtazama Felicitas.

"Giza kama hili?"

Felicitas aliinama, akachungulia, akaanza kucheka. Ilikuwa ni nyumba yenyewe.

Waliukata mzinga vipande vitatu, ili majike wawili wachague bila kupigana. Waliukwangua nta, wakauosha kwa maji moto, wakauanika mpaka ukakauka kabisa. Kila kipande kilizibwa kwa mbao pande zote, kikatobolewa tundu la kupitisha ndimu. Sakafu ilichongwa kidogo kama kijiko, mayai yasibingirike. Upande mmoja uliwekwa kifuniko cha kufungua wakati wa kukagua na kusafisha. Vyote vilitundikwa juu, kimo kimoja.

Mama Kijani alikagua vyumba vyote. Alitia kichwa, akatoa, akatia tena. Alichagua cha katikati. Siku chache baadaye Nelius aliinua kifuniko na kuona yai. Lilikuwa jeupe, dogo kama tunda la msituni. Baada ya siku mbili likaja jingine, kisha jingine.

Na hapa, msomaji, tukae vizuri. Nelius hakuwa mtu mbaya. Lakini mapenzi nayo, yakikosa kiasi, ni gari lisilo na breki.

Alifanya alivyozoea kufanya. Alipika njahi. Aliziponda, akaweka avokado nzuri kutoka Runyenjes juu yake. Sahani aliisukuma ndani ya kibanda. Kisha aliwaita wamama wa kanisa, wakiongozwa na mwenyekiti wao Cicily, ambaye hajawahi kuimba taratibu maishani mwake. Walikuja na nyimbo. Kila mmoja alitaka kuona. Kifuniko kiliinuliwa, kikashushwa, kikainuliwa. Cicily alimulika ndani kwa tochi ya simu, akamsifu Mama Kijani kwa sauti ya mkutano wa injili.

Mama Kijani alitoka kama jiwe la kombeo. Alijibandika kwenye wavu, kifua kikimpiga. Wamama walidhani anacheza. Waliimba wimbo mwingine. Kesho yake walikuja wale waliokosa jana.

Siku ya tatu mayai yalikuwa baridi, na moja lilikuwa limepasuka. Mama Kijani alikaa kwenye kijiti cha mbali na hakutaka kukaribia chumba chake. Chini ya sahani ya njahi alilala Baba Samawati, miguu juu, rangi ile ya asubuhi bado iko mbawani. Mdomo wake ulikuwa na alama ya avokado.

Nelius alimweka kiganjani. Hakuwa na uzito hata wa barua. Siku hiyo sauti ya maji juu ya kokoto haikusikika, na saa ya ukutani ilirudi kumeza mate.

Felicitas alipoitwa, alifika akiwa na utani wake mdomoni. Alipoona kile kiganja, aliumeza. Alikaa chini karibu na Nelius akaeleza polepole. Avokado ni tamu kwa mtu, lakini kwa ndege ni sumu. Hata kipande kidogo kinaweza kumuua. Chumvi, chai na chakula chetu cha kukaangwa pia si chake. Chakula chake ni nafaka ndogo: uwele, wimbi na mtama.

"Mnalima uwele hapa hapa, Mama Ednah. Ndege wa nchi kavu ameletwa nchi kavu, na wewe unampikia njahi."

Aliendelea. Jike anayetaga apewe pia majani ya sukuma wiki au terere, yaani mchicha, yaoshwe kwanza. Apewe yai la kuku lililochemshwa na kupondwa, kidogo tu, na mabaki yaondolewe kabla hayajaharibika. Maganda ya yai yaokwe, yasagwe, yawekwe kwenye kisahani, ili apate nguvu ya kutengeneza maganda yake mwenyewe. Maji yabadilishwe kila siku.

"Na wageni?" Nelius aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hataki wageni."

"Mzazi asiyetaka wageni?"

"Akiona macho mengi anafikiri ni adui. Anakimbia ili yeye aokoke. Mayai yanapoa."

Ndambiri alikuwa amesimama nyuma yao. Aliondoa kofia. "Mzinga nao haufunguliwi kila siku," alisema. "Ukiufungua sana, nyuki wanahama."

"Sasa mbona hukusema?" Nelius alimgeukia.

"Mlikuwa mnaimba."

Felicitas aliongeza jambo moja zito. Mama Kijani alikuwa amekonda. Apumzike kwanza, ale, apate nguvu. Akitaga tena, hiyo ndiyo nafasi ya mwisho mwaka huu. Kumzalisha jike mfululizo ni kumchimbia kaburi. Nelius alihesabu miezi kichwani. Baada ya nafasi hiyo ingekuja Desemba, na Desemba ingekuja na Ednah.

Mchana ule hakulala, lakini aliona ndoto macho wazi. Alijiona angali kijana, siku aliyomzaa Ednah. Chumba kilikuwa na giza zuri. Nje, mama mkwe wake Ciakuthii alikaa kwenye kizingiti na ungo wa kunde. Watu walikuja. Nelius alisikia sauti zao zikifika hadi kwenye kizingiti, kisha zikigeuka na kwenda. Hakuna aliyepita. Mama mkwe hakugomba. Alichambua kunde tu, na makalio yake yalijaza mlango. Nelius alilala usingizi mtamu ambao hajawahi kuupata tena. Kila alipozinduka alisikia kunde zikidondoka kwenye ungo, kama mvua nyepesi, akalala tena.

Kumbe alijua. Alijua siku nyingi, ila alikuwa amesahau ladha yake. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Tangu siku hiyo Nelius alihama. Kigoda chake alikitoa karibu na kibanda, akakiweka kwenye lango la boma. Alikaa pale na ungo wa ndengu. Wakati huo Ndambiri aliyatoa mayai yaliyokufa, akasafisha chumba, akakining'iniza tena. Mama Kijani alikula uwele bado uko kwenye shuke, akining'inia kichwa chini kama mtoto juu ya mti. Baada ya majuma kadhaa, siku moja hakuonekana. Alikuwa ndani.

Habari husafiri. Cicily alifika na wamama wake, wimbo umeshaanza barabarani. Nelius hakuinuka.

"Mama Ednah, tumesikia ametaga tena."

"Mmesikia vizuri."

"Basi tupishe tumwone."

"Amelala," Nelius alisema, akaendelea kuchambua ndengu.

Cicily alicheka, akidhani ni mzaha. Alisema wao si watu wa barabarani, ni kanisa. Nelius alijibu kwamba hata kanisa lina siku za kuomba kimya. Akawakaribisha jikoni wanywe chai, upande wa mbali. Walikunywa wakinong'ona, na inasemekana ilikuwa mara ya kwanza Cicily kunong'ona. Ilimchosha sana.

Kila baada ya siku kadhaa, mara moja tu, Nelius aliingia kibandani. Aligonga chumba taratibu kwa kidole, akangoja. Mama Kijani akitoka mwenyewe kula, ndipo aliinua kifuniko, akatazama, akakifunga. Asipotoka, Nelius aliondoka. Mara nyingi aliona Baba Kijani akimlisha mkewe pale tunduni, mdomo kwa mdomo. Alimwita Ndambiri aje ajifunze.

Wiki ya tatu ilipokuwa inaisha, jua la saa nane lilikaa juu ya mabati kama kawaida. Nelius alikuwa langoni, kati ya usingizi na ndengu. Lile kundi la kijani lilikuwa likigeuka angani tena. Chini yake alisikia sauti mpya. Ilikuwa nyembamba, kama bawaba ya mlango mdogo sana. Alifungua macho. Sauti iliendelea.

Hakukimbia. Hapo ndipo ungejua kwamba amebadilika. Alikaa na kusikiliza, machozi yakimdondokea kwenye ndengu. Baada ya siku mbili sauti zikawa mbili. Vifaranga wa baji hawaanguliwi wote pamoja, kwa sababu mayai hayatagwi pamoja na mama huanza kuyalalia mapema.

Ednah alifika Desemba, begi mkononi. Alimkuta mama yake amekaa katikati ya lango.

"Mama, mbona unakaa hapa kama askari? Ndege wako wapi?"

"Nawa mikono kwanza."

"Mimi?"

"Kwani wewe si mtu wa barabarani?"

Ednah alinawa. Aliomba kuchungulia mara moja tu. Nelius alikataa. Alimletea kigoda kingine, akamwambia akae asikilize. Kutoka ndani ya mzinga sauti zilikuja, moja, ya pili, na nyingine dhaifu ya yule aliyeanguliwa mwisho. Baba Kijani alizungumza na kila mtu. Mama Samawati, aliyekuwa mjane, alimjibu kutoka kijiti cha juu.

Ednah alisikiliza kwa muda mrefu. Alisema atampigia simu yule mwalimu wa Embu. Ndege wamepata kwao. Atamwomba tu dume mmoja kwa ajili ya Mama Samawati.

Nelius alimweleza mipango yake. Vifaranga watatoka chumbani wakiwa na manyoya kamili, baada ya mwezi na zaidi kidogo. Wakishajua kula wenyewe, vyumba vyote vitaondolewa, Mama Kijani apumzike mpaka mwaka ujao. Alisema hayo yote kama mtu aliyezaliwa akiyajua. Ndambiri, kwenye kiti chake, alikohoa.

Jua lilianza kushuka upande wa Mwea. Joto lilikuwa limeacha kucheza barabarani. Ednah alichota ndengu kidogo kwenye ungo, akaanza kumsaidia mama yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia juu ya tumbo, na Nelius aliuona.

"Mama," Ednah alisema, bila kuinua macho. "Mimi siku yangu ikifika, utanikalia mlangoni hivi?"

Ndengu ziliacha kudondoka. Ndani ya mzinga vifaranga waliita, wakanyamazishwa kwa chakula. Nelius alitazama barabara, ambako Cicily na wamama wawili walikuwa wanapita. Walipokaribia lango, waliinua viatu juu kidogo, wakatembea kwa vidole.

Nelius alikivuta kigoda chake, kikajaza lango lote.

"Hata babako," alisema, "ataomba ruhusa."